Chupa Zilizooshwa Mara Nne

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike kumbukumbu za kazi yangu ili vijana wanaoingia maabara wapate cha kusoma. Saa inawahi dakika nne kwa siku. Nimeipima wiki mbili na kuandika matokeo, kwa hiyo msidhani nimebadilika. Kumbukumbu ndizo zimenishinda. Nimechana kurasa nyingi, maana kila nilipoanza na safari na vyeo niligundua kwamba naandika ili nisiandike jambo moja. Vyeo vimo kwenye mafaili. Jambo lenyewe limo kwenye daftari la siku lenye jalada jeusi, lililoko kabatini nyuma ya mizani ya zamani. Nitaeleza jinsi nilivyomfukuzisha kazi mtu asiye na kosa, na ukurasa uliofuata.

Nilifika Karagwe mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikitokea chuoni Uganda. Cheti changu nilikitia ndani ya bahasha, bahasha nikaitia ndani ya kitabu, kitabu nikakifunga ndani ya shati, kwa kuogopa mvua. Mvua haikunyesha. Kituo kilikuwa juu kidogo ya Nyakahanga: vyumba vitatu vya bati, shamba dogo la majaribio ya kahawa, na bomba moja la maji. Mkuu wa kituo alikuwa Mzungu mmoja, Bwana Pell, mtaalamu wa wadudu, mtu wa maneno machache aliyesoma daftari la siku kila Ijumaa kama padri anavyosikiliza maungamo.

Aliyenipokea si yeye. Alikuwa mtu wa makamo aliyevaa aproni ya turubai, anakausha chupa kwa kuziinamisha kwenye misumari iliyopigiliwa ubaoni.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye msomi?"

"Ndiye mimi."

"Wa wapi?"

"Muleba."

"Aa, watu wa huko chini," akasema, akitazama viatu vyangu. "Karibu. Huku kwetu maji ni baridi, na wadudu hawajui Kiingereza."

Huyo ndiye Ta Laurenti, Mnyambo wa Kanoni. "Ta" ndivyo tunavyowaita kwetu wanaume wazima kwa heshima. Hakujua kusoma. Kituoni kazi yake iliitwa kuosha vyombo, lakini ukweli ni kwamba alikuwa mwalimu wangu, na nilichelewa kulitambua hilo kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameniandikia.

Kazi yetu ilikuwa hii. Kule Kimuli kulikuwa na ugonjwa wa kichocho, na serikali ilitaka kutia mrututu kwenye vijito ili kuua konokono wanaoueneza. Mrututu mnaujua: chumvi ya shaba, yale mawe ya buluu. Lakini samaki wa vijito na vinamasi hula wadudu wa majini, na watu wa Kimuli hula samaki hao. Swali tulilopewa lilikuwa la sehemu mbili: wadudu hao wanakula nini, na shaba kiasi gani inawaua?

Ta Laurenti ndiye aliyenifundisha kusafirisha wadudu. Mara ya kwanza niliwajaza kwenye mkebe wa maji, tukapanda gari la kituo, na tulipofika Nyakahanga nusu walikuwa wamekufa kwa kugongwagongwa na joto. Safari ya pili alininyang'anya mkebe, akamwaga maji, akatandika kuvumwani ya mawe ya kijitoni na majani yaliyoloa, akawalaza humo, akafunga kwa gome bichi la mgomba.

"Wasafiri kwenye unyevu, si kwenye maji," akasema. "Wewe ungependa kusafiri ndani ya pipa linalotikisika?"

Hakufa hata mmoja.

Tulishughulika hasa na aina moja, wadudu wadogo wanaojijengea ala za vipande vya majani na kuishi ndani yake, kichwa na miguu tu nje. Kitabuni wana jina refu. Ta Laurenti aliwaita "wenye makoti," na mpaka leo sina jina bora zaidi. Alinitengenezea sindano za kuwapasulia: sindano za kushonea alizozichomeka kwenye vijiti vya mbuni, nyepesi kuliko zile zilizoletwa kutoka Ulaya. Nilimtoa mdudu kwenye koti lake, nikamlaza kwenye tone la maji chini ya hadubini, nikamfungua tumbo kwa sindano mbili na kuutandaza utumbo. Ndani yake nilikuta majani yaliyosagwa, yaliyooza nusu, na punje za kijani za ukoga. Nilipasua mia moja na hamsini kabla sijathubutu kuandika kwamba wanakula majani. Ta Laurenti alinisogelea, akatazama hadubini kwa jicho moja.

"Majani," akasema.

"Ndiyo. Majani."

"Ningekwambia siku ya kwanza. Nimewaona wakila."

"Lazima ithibitishwe, Ta."

"Sawa. Sasa imethibitishwa mara mia na hamsini."

Sehemu ya pili ndiyo iliyonivunja. Tulipanga chupa kumi za mdomo mpana, kila moja na maji ya kijito na wadudu ishirini. Nane tulizitia mrututu kwa vipimo mbalimbali. Mbili za mwisho hazikutiwa kitu, zilikuwa za kulinganishia. Mkisoma hili hamtashangaa, lakini acheni niliseme: wadudu wakifa kwenye chupa zisizo na dawa, jaribio zima halina maana, kwa sababu hujui tena dawa imeua wangapi na kitu kingine kimeua wangapi.

Wadudu lazima wale. Hapo kabla, Ta Laurenti alikuwa akiokota majani kwenye kijito chao chenyewe, meusi, yaliyolainika, ya kila aina. Hilo lilinikosesha raha. Majani gani? Ya mti upi? Yameoza siku ngapi? Nikaamua nichume mwenyewe. Katika shamba letu la majaribio palikuwa na mtoma mkubwa, mti wa jamii ya mkuyu, uliotia kivuli mibuni. Nikachuma majani ya mti huo mmoja, yaliyolingana ukubwa, nikayasuuza bombani, nikayaloweka siku saba na kuyakata kwa mkasi vipande vya mraba. Nilijivunia sana ile miraba.

Ta Laurenti aliitazama. "Hawa hawajazoea chakula cha hotelini," akasema. Nikacheka, naye akacheka, tukawapa.

Kufikia siku ya tano, wadudu kumi na mmoja walikuwa wamekufa kwenye chupa ya kwanza ya kulinganishia, na tisa kwenye ya pili. Nikarudia jaribio. Wakafa tena.

Sijui kama ninyi mna tabia hii ya kukaa na jambo mpaka lisiwe na sura. Mimi nilikuwa nayo, na ninayo. Niliandika orodha ya sababu zinazoweza kuwaua wadudu kwenye maji yasiyo na dawa. Zilifika kumi na saba. Joto, hewa, moshi wa taa ya mafuta, sabuni ya mikono yangu, hata kelele za bati wakati wa mvua. Ya kumi na saba niliandika "uoshaji wa chupa," kwamba huenda mabaki ya mrututu hubaki kwenye kioo. Majani hayakuwemo. Nimeitazama orodha hiyo mara nyingi tangu hapo, na ninajua kwa nini hayakuwemo: majani nilichuma mimi. Katika sababu zote kumi na saba nilichagua ile ambayo mkono wake haukuwa wangu.

Alhamisi mchana niliandika kwenye daftari la siku, kwa wino: "Vifo kwenye chupa za kulinganishia vinatokana na chupa kutooshwa ipasavyo." Sikuandika jina. Kituoni aliyeosha chupa alikuwa mmoja.

Ijumaa Bwana Pell alisoma, akamwita Ta Laurenti. Nilikuwa nimesimama kando ya dirisha.

"Laurenti, unaosha chupa mara ngapi?"

"Mara tatu, Bwana. Na ya nne kwa maji ya kijito chao wenyewe, ili wasishtuke."

"Paskali anasema si safi."

Ta Laurenti akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi.

"Paskali ndiye anasema?"

"Imeandikwa," Bwana Pell akasema, akaligonga daftari kwa kidole.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba ni dhana tu, moja kati ya kumi na saba. Niliitengeneza sentensi hiyo kichwani, nikaibadilisha mwanzo, nikaibadilisha mwisho, na nilipokuwa tayari alikuwa ameshafungua fundo la aproni.

"Kama imeandikwa," akasema Ta Laurenti. Akaikunja aproni mara mbili, akaiweka juu ya ubao wa misumari, akatoka.

Wiki iliyofuata ripoti ilitumwa. Ndani yake tulisema vifo vile vilisababishwa na uchafu wa vyombo, na tatizo limeondolewa. Jina langu lilikuwa chini ya la Bwana Pell, na ilikuwa mara ya kwanza kuona jina langu limepigwa taipu. Nami nikaanza jaribio jipya. Chupa niliosha mwenyewe, mara sita, ya mwisho nikiitazama kwenye jua. Nikaweka wadudu, nikaweka miraba yangu.

Wakafa. Kumi na wawili, na kumi.

Nilikaa na habari hiyo siku tisa bila kumwambia mtu. Nilijiambia nataka uhakika. Siku ya tisa ilikuwa Jumapili, na baada ya misa ya kwanza nikashika njia ya Kanoni kwa miguu. Njiani nilijiambia nakwenda kumuuliza Ta Laurenti habari ya uoshaji tu, jambo la kitaalamu. Mtu anaweza kutembea mwendo mrefu sana akijiambia mambo ya namna hiyo.

Kibanja chake kilikuwa mteremkoni, migomba na mibuni imepandwa pamoja kama ilivyo kwetu kote. Nilimkuta mkewe, Ma Adelina, anamenya ndizi mlangoni pa jiko.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba. Wewe ndiye wa maabara." Hakuuliza. "Mwenyewe yuko bondeni, anakata nyasi. Keti."

Nikaketi kwenye kigoda. Akamenya ndizi nzima mbili kabla ya kusema tena.

"Unajua alikuwa anatunza vyombo vya misa kigangoni kwetu? Kalisi, sahani, vitambaa. Miaka mingi."

"Sikujua, Ma."

"Hakuwa mtu wa kujitangaza. Sasa wamempa mwingine. Katekista alikuja hapa, akakaa hapo ulipokaa, akasema watu wananong'ona. Mtu aliyefukuzwa na Wazungu kwa uchafu ataoshaje kalisi?" Akatia ndizi kwenye chungu. "Alikuwa akienda kanisani wa kwanza. Siku hizi anaingia wa mwisho, anasimama nyuma."

Akachukua kisu akaenda kukata majani ya mgomba ya kufunikia chungu. Hapo hapo nyuma ya jiko palikuwa na migomba yenye majani mapana, mazuri. Akaipita. Akaenda mpaka chini kabisa ya kibanja, akarudi na majani mawili, anahema. Nikamuuliza, kwa kuwa nilihitaji kuuliza chochote, kwa nini hakukata yale ya karibu.

"Hayo yamo katikati ya kahawa. Yamepigwa dawa ile ya buluu."

"Lakini mvua imenyesha wiki nzima, Ma. Ukiyaosha?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyevaa kanzu nyuma mbele.

"Dawa ya kahawa haitoki kwa mvua, mwanangu. Ingekuwa inatoka kwa mvua, wangeipiga ya nini? Si ndiyo sababu wanaichanganya na chokaa, ishike? Hata mbuzi wangu hali majani hayo. Wewe hujui hilo? Na umesoma?"

Nilijua. Niliwahi kuandika insha juu yake. Mrututu na chokaa vikichanganywa huganda kwenye jani na kushikamana nalo, na ndiyo maana vinakinga kahawa na kutu ya majani masika yote. Nilijua hilo kama maneno ya karatasini, na mtoma wangu ulisimama katikati ya mibuni iliyopigwa dawa hiyo kila baada ya wiki chache, mbele ya macho yangu.

Nikasimama bila kula, jambo ambalo Kanoni ni ukosefu wa adabu, na bila kumsubiri Ta Laurenti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Jumatatu asubuhi nilichoma miraba yangu ikawa majivu, nikayayeyusha kwa tindikali, nikaongeza amonia. Shaba ikikutana na amonia hutoa rangi ya buluu iliyoiva, hakuna wa kubisha. Bomba la kioo likageuka buluu kama vazi la Bikira Maria. Maji ya chupa za kulinganishia nikayapima vilevile, nikayachemsha hadi yakabaki kidogo, nikatia amonia: meupe. Maji yalikuwa safi. Chupa zilikuwa safi. Nikapasua wadudu waliokufa, na matumbo yao yalikuwa yamejaa miraba. Hawakuuawa na maji waliyoishi ndani yake. Niliwalisha sumu kwa mkono wangu, nikiwa nimeikata kwa mkasi na rula.

Nikaenda kwa Bwana Pell na vile vioo viwili. Alivitazama muda mrefu.

"Ripoti imeshakwenda," akasema.

"Naomba tuandike nyingine, Bwana."

"Jina lako limo. Unajua watasemaje?"

"Najua. Nimekaa siku tisa nikiwaza watakavyosema."

"Na kabla ya hizo siku tisa?"

Bwana Pell aliandika mwenyewe barua ya kufuta ripoti, na nikaambatanisha matokeo mapya: kwamba kupima shaba iliyomo majini ni nusu ya kazi, kwa kuwa mdudu anaikuta pia kwenye chakula, na kwamba kule Kimuli mrututu usitiwe mpaka tujue kiasi gani kinashika kwenye majani na ukoga wa kijito. Kazi hiyo ndiyo mliyoikuta hapa, na wengine wenu mmeisifu kana kwamba ilianza kwa akili. Kisha Bwana Pell akanipa gari niende Kanoni kumwambia Ta Laurenti arudi.

Nilimkuta bondeni. Nikamweleza yote, majani, mtoma, chokaa, orodha ya sababu kumi na saba. Niliongea sana. Alinisikiliza huku anafunga nyasi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Ta. Nakuomba radhi."

"Maneno umesema vizuri," akasema. "Lakini wewe hukunishtaki kwa maneno. Ulikuwa umesimama pale dirishani, maneno hukuyasema. Uliandika."

"Nitaandika."

"Kwenye daftari lilelile. Kwa wino uleule. Na nitakuja na mtu wa kunisomea."

Alikuja Jumatano na katekista, mtu mwembamba aliyevaa koti jeusi, aliyekaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. Nilikuwa nimeandika tangu asubuhi. Rasimu zilikuwa tano, na kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia, kwa sababu kila nilipoongeza maelezo niliona najificha ndani yake. Nikasoma mbele yao na mbele ya Bwana Pell: "Chupa zilikuwa safi. Laurenti aliziosha vizuri kila siku. Wadudu walikufa kwa majani yenye shaba niliyoyachuma mimi, Paskali. Nilichoandika Alhamisi ile si kweli."

Ta Laurenti akamgeukia katekista.

"Sasa soma wewe. Nione kama ni yaleyale."

Katekista akavaa miwani, akasoma. Yalikuwa yaleyale.

"Soma tena, polepole."

Akasoma tena, neno kwa neno, na kwenye "si kweli" sauti yake ikashuka. Alifunga daftari, akavua miwani, akamwambia Ta Laurenti kwa Kinyambo, kwa upole, kwamba Jumapili awahi, vitambaa vya altare vinahitaji kupigwa pasi. Ta Laurenti alikwenda kwenye ubao wa misumari, akaikunjua aproni yake iliyokuwa bado imekunjwa mara mbili, hakuna aliyethubutu kuigusa, akajifunga.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, mpaka magoti yalipomzuia kushuka kijitoni. Majani aliokota yeye, kwenye kijito cha wadudu wenyewe, nami sikuuliza tena ni ya mti gani mpaka nilipokuwa nimeyapima. Alinitania juu ya viatu vyangu na juu ya watu wa huko chini. Nilikula kwake mara nyingi, na Ma Adelina hakuacha kunionyesha majani yapi amekatia wapi. Lakini Ta Laurenti hakuwahi kuniambia kwamba yamekwisha, nami sikuwa na haki ya kumuuliza.

Alibadilisha jambo moja tu. Tangu Jumatano ile, alipomaliza kuosha chupa mara tatu na ya nne kwa maji ya kijito, hakuiweka msumarini moja kwa moja. Aliiinua juu kuelekea dirishani, akaishika hapo, akasubiri bila kunitazama. Nilikuwa naacha ninachofanya, hata kama mdudu yuko nusu wazi chini ya sindano, naitazama chupa, nasema, "Safi." Ndipo aliposhusha mkono. Kila chupa, kila siku ya kazi, kwa miaka yote ile. Sikuchelewa hata mara moja kusema.